Bibi Ogi Ananusa Vidole

Inver Grove Heights, Minnesota
9 Oktoba 2025

Mwanangu Lubna,

Assalaam alaykum. Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu. Hata mimi nimeshtuka, maana tangu nijue simu ya mkononi kalamu imenitupa mkono, na mistari inapanda juu kama unavyoiona. Lakini namba yako haiingii tangu ulipohamia huko Japani, mwaka wa tisa sasa. Mwanangu Munir ndiye aliyenitafutia anwani ya studio yenu kwenye mtandao. Nikasema bora niandike kuliko kukaa na neno kifuani.

Sisi huku hatujambo. Mzee wangu Abdulhalim sukari yake inapanda na kushuka, daktari anamkataza wali naye anaula kwa kujificha, mtu mzima na ndevu zake. Munir amepata mtoto wa pili, mvulana. Yule wa kwanza, msichana, ana miaka sita na maneno ya bibi wa sitini, yote kwa Kiingereza. Ile fleti ya Hopkins tuliihama zamani. Sasa tuna nyumba yetu na uwanja nyuma, na kulungu wanapanda kutoka kule mtoni kuja kula maua yangu. Nimechoka kuwapigia masufuria. Sambusa bado nauza, maduka yameongezeka, nimeajiri wanawake wawili. Philister, yule muuguzi jirani yetu wa ghorofa ya pili Hopkins, kila tukikutana hukuulizia.

Sasa la furaha. Tumeiona filamu yenu, Nao na Nyumba ya Mvuke! Tulikwenda ukoo mzima, sinema ya Woodbury, Jumamosi mchana, hapana kiti kilichobaki. Watoto wa Kizungu, wa Kisomali, wa Kihmong, wote wamejifunga pua ndefu za karatasi kama ya yule Bibi Ogi wenu, na kila akitokea kumnusa yule yatima, Nao, vidole, ukumbi mzima unanusana. Mwishoni, pua ya bibi ilipokuwa ndefu hata hawezi kufikisha chakula mdomoni, na Nao akapanda kitini akamlisha wali kwa mkono wake, nilisikia watu wazima wakivuta kamasi. Halafu majina yakaanza kupanda, yote ya Kijapani, na katikati yake Lubna. Nilimgeukia mama wa Kizungu aliyekaa kando yangu, nikamwambia huyo nimemlea mimi. Akanikumbatia.

Tangu siku hiyo najiuliza. Katuni ya Kijapani, ya mtoto anayekunja vimaandazi vya nyama nyumbani kwa mwanamke mwenye roho ngumu, imewaingiaje watu wa Minnesota, wa Brazili, na hata kwetu Mombasa ambako nasikia inaonyeshwa mara tatu kwa siku? Wewe uko ndani, niambie siri yake nini.

La mwisho. Mimi na Abdulhalim tumejaaliwa nafasi ya Hija mwakani, inshallah. Ada yetu unaijua: anayekwenda Makka hupita kwa kila mtu kutaka radhi, asiende na haki ya mtu mgongoni. Nimekwisha kupita kwa wote, umebaki wewe. Basi nisamehe kwa nilichokukosea nikijua na nisichokijua, nami nimekusamehe. Niandikie neno hilo kwa mkono wako, nitulie.

Shangazi yako akupendaye,
Fatimah


Tokyo
17 Novemba 2025

Shangazi Fatimah,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Barua yako ilizunguka ofisini wiki mbili kabla ya kunifikia, kwa sababu huku watu wengi wanatuandikia na kuna binti mmoja tu wa kuzipanga. Mimi mzima. Naishi chumba kimoja karibu na reli, nina paka, sijaolewa. Mpe pole mzee Abdulhalim kwa sukari yake. Yeye aliwahi kunipa chungwa, nakumbuka.

Umeuliza siri ya filamu. Watu wa mauzo wana majibu yao. Wanasema ni muziki. Wanasema ni kwa kuwa ilitoka wakati wa likizo za shule. Wanasema ni ule mvuke, ambao kweli ulitutesa miezi minane, kwa kuwa mwongozaji alitaka kila sufuria iwe na mvuke wake mwenyewe, usifanane na wa jirani. Yote hayo ni sawa, lakini filamu nyingine zenye muziki mzuri na mvuke mzuri zimekufa katika wiki ya pili.

Mimi naamini barua. Mtoto wa Peru ameandika kwa penseli: mlimjuaje shangazi yangu? Msichana wa Polandi anasema ni mama yake wa kambo, ameuliza tulimpigaje picha. Mwanamke mzima wa Uhindi, ana wajukuu, anasema yule ni mke wa tajiri aliyemfanyia kazi alipokuwa na miaka tisa. Hatukuwajua. Mimi ndiye niliyemchora Bibi Ogi, na wakati namchora nilidhani namchora mtu mmoja tu.

Siku ya kwanza nilipouonyesha mchoro mezani, mwongozaji aliuliza kunusa vidole nimekutoa wapi. Nikasema ni jambo nililoliona kwa macho yangu. Alicheka. Tulikuwa watu tisa pale, na wanne hawakucheka, na mzee mmoja wa idara ya rangi alitoka nje kuvuta sigara akakaa huko muda mrefu. Mwongozaji aliona hayo akasema, huyu bibi asiondolewe hata kwa dakika moja. Ndiyo siri yenyewe, kwa kadiri nijuavyo. Kila nchi inaye.

Kuhusu mstari wako wa mwisho, umeandika nikijua na nisichokijua. Sikuuelewa. Hicho ulichokijua ni kipi?

Lubna


Inver Grove Heights
12 Desemba 2025

Lubna,

Assalaam alaykum. Theluji imetufika magotini na gari la Abdulhalim limekataa kuwaka siku mbili. Mtoto mdogo wa Munir ameota jino. Sisi wengine wazima, ila mimi si mzima, na aliyenitia maradhi ni wewe.

Juzi tulialikwa harusini Saint Paul, watu wa kwetu na wa bara wamechanganyika, ukumbi umejaa. Nimekaa na wenzangu nimevaa vizuri, nimejifukiza udi, sina hili wala lile. Akaja Philister na sahani yake mkononi. Mbele ya meza nzima akanishika mkono, akauinua mpaka puani mwake, akaunusa kwa sauti. Halafu akasema: "Mama Munir, wacha nikwambie, nili-recognize pua kabla sijaona mwili! Si ni wewe kabisa? Na vile ulikuwa unasimamisha yule mtoto kwa corridor asubuhi, mikono juu, kabla ya school bus. Mimi nikitoka night shift nawaona. Wee! Sasa uko kwa dunia nzima!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Wengine ni watu wangu, niliowazikia wazazi wao, niliowapikia harusi zao. Mmoja akanyoosha vidole kwangu akasema mimi sijala, bibi, ninuse. Nilitabasamu, ningefanya nini? Nilikaa pale mpaka keki ikakatwa.

Njiani kurudi nilimwuliza Munir, naye macho barabarani, kama ameona kufanana kokote. Akajibu: "Mama, please. Sisi wote tulijua tukiwa theatre. That's literally you." Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, "I thought you knew." Mwanangu wa kumzaa, aliyekula sambusa zangu tangu hana meno.

Na mjukuu wangu, ambaye hajui lolote, kila akikaa mezani ananiletea vidole vyake vidogo. "Smell, Bibi!" Nisipomnusa analia. Basi namnusa, mara tatu kwa siku, mama yake akinitazama.

Sasa nikuulize wewe mwenye akili nyingi. Kaka yangu alipofariki, nani alikutoa Mombasa? Nani alikuandika mwanawe kwenye makaratasi ya uhamiaji, uje usome shule zenye joto na vitabu vya bure? Mama yako alikuwa na cherehani moja na kikohozi. Kalamu za rangi za kwanza ulizishika nyumbani kwangu. Na huo wepesi wa mkono unaokulisha leo uliupata wapi kama si kwa kukunja manda zangu za sambusa? Ukanilipa kwa kunichora pua, ukaipeleka kila nchi yenye umeme.

Lakini sikasiriki. Nimeitazama ile filamu mara ya pili, peke yangu, mchana wa Jumanne ukumbi mtupu, na nimeelewa. Mwisho wake Nao anamlisha yule bibi. Ameshasamehe. Basi nawe umeshanisamehe mbele ya dunia nzima, na kilichobaki ni karatasi tu. Niandikie. Mwezi wa tano, wa safari, si mbali.

Shangazi yako,
Fatimah


Tokyo
19 Januari 2026

Shangazi Fatimah,

Wa alaykum salaam. Pole kwa theluji. Huku pia baridi ipo, ila nina glavu.

Mwongozaji ameshinda tuzo nyingine na ofisi nzima tumepewa siku moja ya kupumzika. Nimeitumia kulala na kukujibu.

Yule bibi anayelishwa wali si wangu. Mimi niliandika mwisho mwingine. Katika mwisho wangu pua yake inanasa kwenye kifuniko cha sufuria kubwa ya mvuke. Nao yuko mlangoni, anaweza kurudi kuinua kifuniko, hakirudii. Anavaa viatu vyake pole pole, anafunga mlango kwa adabu, anakwenda zake. Kelele za bibi zinasikika mpaka mwisho wa barabara, halafu hazisikiki. Niliuchora wote, michoro mia tatu na kitu, na wiki ile ndiyo pekee maishani mwangu niliyofanya kazi nikiimba.

Waliuonyesha kwa watu arubaini waliookotwa mtaani. Hakuna aliyelia. Walitoka wakitazama chini, na mama mmoja alisema mtoto yule hana roho. Mwongozaji akaniita, akanimiminia chai, akaniambia hivi: "Watu hawatarudi kuiona mara ya pili." Akaubadilisha. Kile kiti, ule wali, vile vidole vya Nao vinavyomfuta bibi punje shavuni, vyote ni kazi ya mzee wa miaka sabini ambaye mama yake alimpenda.

Na alikuwa sahihi. Wanarudi mara ya pili na ya tatu. Uliniuliza siri ya filamu hii na mimi nilikupa nusu. Nusu ya kwanza ni kwamba kila nchi inaye Bibi Ogi. Nusu ya pili ni kwamba watu wanakata tikiti kumtazama mtoto wa wengine akisamehe, wanalia, wanarudi kwao wepesi, na aliyetendewa hakuulizwa. Mama za watu wameipenda kuliko watoto wao. Filamu imezunguka dunia kwa msamaha ambao mimi sikuutoa, na wewe umekwenda kuutazama Jumanne mchana ukadhani ni risiti yako.

Hata hivyo sijakataa. Nitakuandikia neno unalolitaka, kwa mkono wangu, na nitalisema kwa moyo. Sharti langu ni moja. Utaje. Kila ulichokifanya kwa jina lake, kwa mwandiko wako, bila hiyo nikijua na nisichokijua. Kwa jumla sisamehi.

Wala sitakusaidia kukumbuka.

Lubna


Inver Grove Heights
9 Februari 2026

Lubna,

Salamu zako nimezipata. Hapa wote wazima.

Mimi si mshtakiwa na wewe si kadhi. Nina miaka sitini na mitatu. Nimelea watoto wa watu wanne mbali na wangu, na hakuna aliyenitaka nikae chini niandike orodha kama mwizi kituoni. Umenivua nguo mbele ya dunia, sasa unataka nizikunje mwenyewe nikuletee.

Nilikulea kama nilivyolelewa. Mama yako, Mungu amrehemu, hakulalamika hata siku moja. Alinishukuru mpaka pumzi ya mwisho.

Ramadhani iko mlangoni. Ukiwa na hofu ya Mungu utaniandikia kabla ya mwezi kuandama. Usipokuwa nayo, hilo ni lako.

Fatimah


Inver Grove Heights
29 Machi 2026

Mwanangu Lubna,

Assalaam alaykum. Nimengoja Ramadhani nzima. Kila gari la posta likisimama nilitoka na viatu vya Abdulhalim, kwa haraka, na kila mara yalikuwa matangazo ya madirisha. Idi imepita bila neno lako. Munir na wanawe walikuja, wakala, wakaondoka. Nimepungua, nguo zinanivuka.

Tunaondoka tarehe kumi na tano Mei. Tumekuwa tukihudhuria mafunzo ya mahujaji kila Jumapili Minneapolis, na wiki iliyopita mwalimu alizungumza juu ya haki za watu. Alisema haki ya Mungu Mungu huisamehe mwenyewe, ya mja mpaka mja aisamehe. Nikainua mkono mbele ya wanaume, nikamwuliza: na kama mja hajui alichofanyiwa? Akasema kuna wanaoona ni bora usimwambie ukamzidishia jeraha, umwombee tu, na kuna wanaoona lazima ajue. Abdulhalim njiani akanisihi. "Taja mengine yote," akasema, "lile liache, Fatimah. Msichana hajui, na asijue." Nimelifikiria siku saba. Siwezi kusimama Arafa nikiwa nusu. Basi chukua.

Nilikunusa vidole. Kila asubuhi kabla ya basi la shule na kila jioni kabla ya chakula, miaka mitano. Nilisema natafuta kama umekula nyama ya sambusa. Vidole vya mtu anayekunja sambusa vitanuka nini kama si nyama? Nilijua. Nilijua siku ya kwanza. Kila nilipokuwa na hasira na jambo lingine nilikuita, nikakunusa, nikapata sababu, ukalala bila kula.

Nilikulaza kando ya friza na chumbani kwa Munir palikuwa na kitanda cha pili. Nilikutuma madukani na makatoni, Januari, bila glavu, na glavu zilikuwamo ndani ya kabati. Waliponiuliza wageni nilisema wewe ni msichana wa kazi kutoka kwetu. Ulisikia, ulikuwa umeshika sinia.

Sasa lile.

Idi Kubwa ile uliyokuwa na miaka kumi na minne, mama yako alilazwa. Figo. Nilikwambia alikufa ghafla, na hakufa ghafla, alikaa siku saba. Alinipigia mara nne kwa simu ya nesi, akitaka kukusikia. Ya kwanza nikasema uko shule. Ya pili nikasema umelala. Ya tatu sikuipokea. Maduka matano yalikuwa yakingoja sambusa za Idi na hapakuwa na mkono mwepesi kama wako nyumbani. Ungejua ungelia, na ukilia mikono ilikuwa inakulegea. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine miaka yote hii sikuipata.

Mara ya nne sauti yake ilikuwa nyembamba mno. Akasema, "Wifi, namsikia. Si huyo anayehesabu?" Ulikuwa jikoni unahesabu manda kwa sauti, kama nilivyokufunza. Nikamwambia hiyo ni televisheni. Halafu akasema, "Basi iache televisheni ihesabu kidogo, niisikilize."

Nikakata simu. Alikufa alfajiri ya kwao.

Nimetaja. Sikubakisha hata moja. Sasa timiza ahadi yako, mwanangu, niandikie kabla ya tarehe kumi na tano. Nakuomba. Sijamwomba mtu hivi tangu nizaliwe.

Shangazi yako mkosefu,
Fatimah


Tokyo
26 Mei 2026

Shangazi Fatimah,

Leo sikuamkii. Paka wangu mzima. Ofisini wameamua kutengeneza filamu ya pili, kwa kuwa dunia nzima inamwulizia Bibi Ogi, na wiki iliyopita waliniuliza safari hii nimpe nini mkononi. Nimewaambia simu.

Barua yako ilinifika tarehe kumi na saba Aprili. Nimekaa nayo siku thelathini na tisa. Nilikuwa na nafasi ya kukujibu ikakukuta Minnesota, nikaiacha ipite makusudi. Mei kumi na nne nilikaa dirishani nikijua unatoka nje na viatu vya mzee Abdulhalim kutazama posta, na nilifurahi. Naandika furaha kwa sababu ndiyo iliyokuwa. Leo ni siku ya Arafa. Sasa hivi umesimama pale kwenye jua na watu milioni, wote wananyoosha mikono, na hujui kama nimekusamehe au la. Nilitaka usimame hivyo. Mama alingoja siku saba kwenye simu ya mtu, wewe ngoja moja.

Vidole nimekusamehe. Friza, glavu, msichana wa kazi, kulala na njaa, vyote nimesamehe. Neno lenyewe nililiandika mwezi wa pili, siku ile ile niliyopata barua yako ya ukali, likakaa kwenye bahasha yenye stempu. Lilingoja utaje hata kimoja. Ungeniandikia mistari miwili tu juu ya vidole, ningeituma siku hiyo na ungekwenda Makka mwepesi.

La simu sikulijua. Mumeo alikuwa na akili kukupita. Nilikuwa na mama aliyekufa ghafla, na nilikwishamzoea hivyo. Niliweza kumkumbuka akishona. Wewe umekuja, ili wewe usimame Arafa mzima, umemchukua yule ukaniachia mwingine, ambaye kila siku tangu Aprili anasikiliza na anaambiwa ni televisheni. Hukuniambia kwa ajili yangu. Hata kuungama kwako umenifanyisha kazi.

Nimejaribu, Shangazi. Nilitaka kukulaumu kidogo nikakusamehe kidogo. Nimekwenda msikitini hapa, nimekaa na wanawake wa Kiindonesia nisiowajua, nimelia mpaka mmoja akaniletea maji. Haikuja.

Mtakaposhuka uwanja wa ndege Munir atakuwapo na maua, na nyumbani wanawake wa ile harusi watakuwa wamekwisha kufika na masinia yao. Watakupigia vigelegele, watakuita Hajjati, watataka uwaombee dua kwa kuwa umerudi mtu safi. Barua hii nimeituma kwa posta ya haraka, iwe imekutangulia mlangoni. Watakuuliza ni ya nani. Waambie ni ya mwanao wa Japani, watataka uwasomee, na ukiwasomea usiruke hapa: hilo la simu sikukusamehe, leo wala Kiyama.

Lubna